Mafuta ya Alizeti Kwenye Magazini Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Uji uliiva mapema. Kuni mbichi, moshi tele, macho yananiuma mpaka sasa. Wanafunzi kumi na nane wa ulinzi na kila mmoja anataka kikombe cha pili. Nimewaambia mimi ni mpishi, si mto Ruhuhu.

Leo wameanza bastola. Ni risasi za mazoezi tu, hazina baruti, ila magazini, vile visanduku vyembamba vya kujazia risasi, ni mpya na springi zake ni ngumu. Kila mtu amepewa magazini yake yenye namba. Afande Mbunda, mkufunzi wao, anataka risasi kumi na tano ziingie ndani ya dakika moja. Mtihani Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayeshindwa anarudi kwao.

Devota amepewa namba kumi na moja. Amefika risasi ya saba akakwama. Mjukuu wangu huyo, niliyekwenda mwenyewe kumwombea nafasi, Afande akasema ni mdogo wa mwili, nikamwambia mdogo wa mwili ndiye aliyebeba debe la kahawa tangu darasa la tano. Na jumuiya yote ya Maguu nimeshaitangazia. Hadi katekista anajua.

Saba! Aibu gani hii.

Jumanne, 4 Juni

Tisa. Ya kumi haiingii. Springi inasukuma, kidole kinateleza, risasi inaruka inaanguka kwenye vumbi.

Festo, kijana wa Matiri mwenye mdomo mrefu, akamwambia mbele ya watu, "Dada, unajaza bastola au unapanda maharage?" Wakacheka wote. Devota akamjibu kwamba maharage ya kwao Matiri yanapandwa na wanawake, wanaume wanayala tu. Vizuri. Ulimi anao. Kidole ndicho hana.

Nyumbani nikaangalia dole gumba lake. Lengelenge kubwa kama punje ya harage lililolowekwa. Nikamwambia mikono ya siku hizi ni ya kubonyeza simu. Akaenda kulala na njaa. Nisingesema.

Tangu amalize kidato cha nne ana miaka mitatu anakaa. Kazi ya kwanza kuonekana ndiyo hii, kulinda ghala la kahawa. Akiikosa atarudi kwenye ngolo zangu, yale mashimo ya shamba la mlimani, kulima hadi azeeke kama mimi. Sitaki.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Sijamwambia mtu.

Mchana wanafuta vifaa vyao kwenye kibaraza karibu na jiko langu. Devota alitumwa maji. Magazini yake iko kwenye kitambaa, midomo ya kuingizia risasi ikiwa juu. Nikafikiria mashine yangu ya kumenya kahawa. Kila msimu inakaza, springi yake inalia, naipaka mafuta, inazunguka kama mpya. Chuma ni chuma. Nikachukua chupa ya alizeti nikadondosha humo ndani. Matone matatu. Nikaona hayatoshi, nikaongeza.

Jioni Devota amefika kumi na mbili! Ananiambia, Bibi, leo springi imelegea yenyewe. Nikasema Mungu mkubwa. Nimekula ugali mkubwa na kulala mapema. Hao walimu na vyeti vyao. Mimi darasa la nne tu, lakini nimeona kile wasichokiona.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa.

Upepo wa asubuhi ulileta vumbi la uwanja na majivu yangu ya jiko. Devota akajaza kumi na mbili, akapachika kwenye bastola, akaikoki kwa mkono, risasi ya kwanza ikatoka, ya pili haikupanda. Kile kibao cha ndani kinachosukumwa na springi kilikuwa kimeganda. Afande akaifungua magazini mbele ya wote. Ndani tope. Kidole chake kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Hii inanuka maandazi."

Hakuna aliyecheka. Akasema angekuwa lindoni kweli, na jambazi amesimama pale mlangoni, sasa hivi angekuwa maiti. Akasema mtu anayechezea kifaa cha silaha yeye hampi silaha. Devota akaapa kwa Bikira Maria hakugusa mafuta. Afande akasema Jumamosi asubuhi ataamua. Hadi hapo akae pembeni.

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nilinyamaza. Nimekoroga uji uliokwisha kuiva.

Ijumaa, 7 Juni

Devota anasema ni Festo. Kwamba alimwonea wivu alipoanza kusogea. Amemwendea akamwita mchawi mbele ya wenzake. Sasa nusu ya kambi haimsemeshi yule kijana.

Kwa hiyo nimeharibu watoto wawili, si mmoja.

Nimejaribu kusali rozari. Nimefika fumbo la pili nikaacha. Mungu si mjinga.

Nikisema, watu watajua kwamba Bibi wa Uji, anayejua kila kitu, ameweka mafuta ya kukaangia kwenye bastola. Watacheka hadi Mbinga mjini. Nisiposema, Devota anarudi nyumbani kesho.

Nimeandika hivyo ili nione kwa macho yangu. Haihitaji la saba kujua lipi zito.

Jumamosi, 8 Juni

Nimesema.

Nilikwenda kabla ya uji. Afande akaniamkia, "Shikamoo, Bibi," nikaitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa. Nikamweleza yote bila kukaa. Chupa nilikuwa nayo mkononi kama ushahidi. Alinisikiliza akitazama chini. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe anazuia kicheko.

Lakini hakuniachia hivi hivi. Akasema, Bibi, heshima yako ni kubwa, lakini mtoto umemtia doa mbele ya watu, basi doa litolewe mbele ya watu. Akapiga filimbi. Wote kumi na nane kwenye mistari, na mimi mbele na kanga yangu ya jikoni. Miaka sitini na nane. Sijawahi kusimama namna ile hata siku ya kipaimara.

Nikasema mafuta niliweka mimi. Devota hakujua. Festo hakujua. Nikamtazama Festo nikamwambia, mwanangu, nisamehe, ila mdomo wako punguza. Hapo ndipo walipocheka, na Festo akacheka kuliko wote. Devota hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Afande akawafundisha palepale, na mimi nikasikiliza. Springi ya magazini haipakwi mafuta kama mashine ya kahawa. Mashine ya kahawa inazunguka hadharani, unaiosha kila siku. Magazini imefungwa, mafuta yanabaki ndani yanakamata vumbi. Inafutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Na ugumu ni wa upya. Akasema magazini zote tangu leo zitalala zimejaa risasi za mazoezi sandukuni kwake, springi izoee. Kumbe dawa ilikuwepo, mimi sikuuliza.

Kisha akanipa adhabu. Namba kumi na moja ilikwisha kusafishwa na kukauka. Akaniwekea risasi kumi na tano mezani. "Haya, Bibi. Jaza wewe, tuone mikono ya zamani."

Ya kwanza hadi ya sita, mchezo. Ya saba, springi ikanirudishia kidole. Nikakasirika. Nikaishika ile magazini kama ninavyoshika hindi kavu wakati wa kupukuchua, imesimama juu ya paja, mkono wa kushoto umeikumbatia. Mahindi makavu hupukuchui kwa ncha ya kidole, utatoka malengelenge siku ya kwanza. Unatumia kiungo cha dole gumba, na dole gumba la mkono wa pili linapanda mgongoni mwa la kwanza, na uzito unatoka begani. Nikabonyeza risasi ya juu kwa nyuma, ikashuka, nikapenyeza nyingine chini ya midomo, nikaisukuma hadi mwisho. Nane. Tisa. Nikawa nahema kama ng'ombe. Ya kumi na tano ilipoingia walipiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka ua.

Ilichukua muda mrefu sana. Kama ni mtihani, nimefeli. Lakini zimeingia.

Afande akasema Devota anaendelea. Atafanya mtihani kama wengine, bila upendeleo.

Uji wa leo walikunywa saa nne. Haukuwa na chumvi. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Mke wa katekista akaniuliza kama nina alizeti ya kuuza. Nimemwambia ninayo, na nitampaka mdomoni.

Devota hajanisemesha tangu jana. Ana haki. Kitu kibaya si mafuta. Kitu kibaya ni zile siku mbili nilizonyamaza akilia. Nimemwambia hivyo hivyo, nikiwa nimempa mgongo maana sikuweza kumtazama.

Mchana nikatoa mahindi nikakaa kibarazani kupukuchua. Baada ya kitambo akaja akakaa. Akachukua hindi. Alikuwa anatumia ncha ya kidole. Nikamshika mkono nikakikunja kidole nikakiweka ninavyoweka mimi. Akaendelea. Tumejaza nyungo mbili.

Alipoinuka akasema, "Bibi, lakini alizeti!" Akaingia ndani. Nikamsikia anacheka peke yake.

Jumatano, 12 Juni

Kumi na nne. Lengelenge limekauka, limekuwa gamba. Springi nazo zimeanza kuelewa. Festo amemwomba Devota amfundishe kushika "kwa kimahindi", maana yeye anaishia kumi na tatu. Devota amemwambia kwanza akapande maharage. Kisha amemfundisha.

Muda bado. Anapitiliza dakika. Silali vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Sikutaka kutazama. Nilijiambia nitabaki jikoni nimenye viazi. Nikamenya viazi hadi vikawa kama karanga.

Wanaitwa mmoja mmoja. Hakuna meza. Unapiga goti moja, magazini tupu, risasi kwenye kofia chini. Namba kumi na moja ilipoitwa nikatoka na kisu mkononi. Akapiga goti. Akaisimamisha magazini juu ya paja. Kidole kimekunjwa. La pili mgongoni. Midomo yangu ilikuwa inahesabu yenyewe. Saba bila shida. Kumi. Ya kumi na mbili ikamponyoka, ikaviringika hadi kwenye kiatu cha Afande. Afande hakusogea. Mimi nilikufa pale. Devota hakuifukuza kwa pupa, alinyoosha mkono akaiokota, akaifuta kwenye suruali vumbi likatoka, akaiingiza. Kumi na tatu. Kumi na nne. Ya mwisho aliegemea na bega zima.

Filimbi ya dakika ikalia magazini ikiwa tayari chini, imejaa.

Afande akaitazama saa. Akazihesabu risasi kwenye vitundu vya mgongoni mwa magazini. Akazitoa moja moja, zote zikapanda bila kukwama. Akasema, "Amepita." Hivyo tu. Neno moja. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Festo naye amepita. Amekuja jikoni akasema, Bibi, tunakudai maandazi. Nikamfukuza. Kisha nikayapika.

Viazi viliungua. Havina maana.

Nimepumua. Tangu Alhamisi ile nilikuwa sipumui vizuri na sikujua.

Jumanne, 25 Juni

Devota hakupangiwa ghala la Mbinga. Wamempeleka Lituhi, kwenye stoo ya mizigo pale ziwani. Nimecheka. Mimi nilizaliwa Lituhi, nikaolewa nikapanda huku milimani kwenye baridi. Yeye ameshuka kule nilikotoka. Nilimwambia akifika asisahau kusalimia kwa Kinyasa. Akasema hakijui. Nikamwambia ajifunze, ana kichwa.

Leo dereva wa fuso ameleta mfuko. Usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, wamefungwa kwenye gazeti. Ndani kuna karatasi ameandika kwamba yuko salama, kwamba zamu ni za mchana, kwamba magazini yake sasa anajaza huku anatazama mlango. Kwamba anaifuta kwa kitambaa kikavu. Hilo amelipigia mstari. Mtoto hana adabu.

Kahawa zimeanza kuiva upande wa chini. Nimetoa mashine nikaizungusha, springi ikalia kama kila mwaka. Nimeipaka alizeti. Matone matatu, sikuongeza. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaanika usipa tena juani maana walikuwa na unyevu kidogo.

Jua zuri leo. Nimekaa nao kuwafukuzia kuku.