Bomba Linalozunguka Migomba

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Marani tumeamka salama, ila miguu ya nyanya yako imevimba tena. Fundi amemaliza kubadilisha mabomba yote ya nyumba hii kuukuu. Umeuliza kwa nini nilimkataza kunyoosha lile la uani, likazunguka migomba kama la zamani.

Mtaro wa lile la zamani niliuchimba mimi, nikiwa kijana. Nilipofika kwenye migomba, jembe likaibua kipande cha blanketi na mifupa midogo. Mama akatoka jikoni, akaketi kwenye udongo.

"Huyo ni kaka yako," akasema. "Alikutangulia."

Sikuwa nimeambiwa. Akamfukia kwa mikono yake, nami nikaupindisha mtaro.

Mahali hapo tulipajua mama na mimi tu. Sasa ni mimi na wewe.

Babu yako