Nani Aliwasha Moto wa Bi Marashi

Rutamba, Jumamosi, baada ya Magharibi.

Leo jua lilikuwa la kuanika korosho, na moyo wangu nao umeanikwa, umegeuzwa huku na huku mpaka umekauka vizuri. Nina furaha. Nina aibu pia, lakini furaha ndiyo kubwa.

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatoka kwa hiari yangu. Haya naandika kwa kidole kimoja kwenye ukurasa wa shajara alionifungulia mjukuu wangu Zuhura mtandaoni, na atakayeona herufi zimekosewa anyamaze. Wazee wangapi hapa Rutamba wana ukurasa? Niko peke yangu.

Na wangapi walimsimamisha Bi Marashi kipindi kikiwa katikati? Peke yangu tena.

Ndivyo nilivyokuwa nasema mpaka leo alasiri.

Asiyekijua kipindi kile nimweleze, maana historia yake ninayo kichwani kuliko waliokitengeneza. Bi Marashi alikuwa mwimbaji wa taarabu, na akivuta sauti hata kuku walikuwa wanaacha kudonoa. Televisheni ikampa Jumamosi yake. Kilianza kidogo tu: yeye, pazia jekundu, wapiga fidla watatu na mpiga kinanda aliyekuwa anasinzia. Watu wakakipenda. Wakaletwa wachekeshaji, akaletwa bwana wa kiinimacho aliyetoa njiwa kwenye kofia, akaletwa pia bibi wa mapishi ambaye kila wiki Bi Marashi alimwibia mnofu sufuriani huku anaimba. Baadaye kikaanza kutembea mikoani, na kila mji wakitaka ngoma ya watu wa pale. Bi Marashi alipozeeka akasema basi, imetosha. Wakamtafuta wa kukaa kwenye kiti chake, hakupatikana. Kikafa.

Walipokuja Lindi walituita sisi wa Rutamba. Niliyekuwa napiga ngoma kubwa ni mimi. Mke wangu Somoe alikuwa mbele ya wachezaji.

Siku kipindi chetu kinarushwa, televisheni hapa ilikuwa moja, ya mfanyabiashara wa korosho, inakwenda kwa jenereta. Kijiji kizima tukajaa uani kwake. Pazia jekundu likaonekana, jenereta likakohoa mara mbili, likafa. Hakuna aliyeona kitu, hata sisi wenyewe.

Kwa hiyo nikabaki mimi na mdomo wangu.

Hadithi yangu ilikuwa hivi. Siku ile tulifika ukumbini na mvua, ngoma zimelowa kwenye lori, ngozi imelegea; ukiipiga ni kama unapiga godoro. Kila mtu wa huku anajua ngoma lazima iote moto kwanza, ngozi ikaze, ndipo iseme. Bwana mkubwa wa kipindi akakataa. Moto hakuna, muda hakuna, pigeni hivyo hivyo. Nami nikamwambia usoni: bila moto hupati ngoma. Nikatoka nje, nikakoka moto wa nyasi, moshi ukaingia ukumbini, kipindi kikasimama, Bi Marashi mwenyewe akatoka kuniangalia.

Nimeisimulia misibani, harusini, na shambani wakati wa kuokota korosho. Mtani wangu Ngwale, aliyetoka Njinjo akaja kuoa hapa, hajawahi kuiamini hata siku moja. Anasema mimi nikimwona mtu mwenye kalamu mfukoni natetemeka.

Sasa Zuhura anaolewa wiki ijayo. Vijana wamekodi spika kubwa kutoka Mingoyo, na kila nilipotaja ngoma waliinamia simu zao. Na mimi mtoto wa mwanangu hatoki nyumbani kwa spika peke yake. Basi niliposikia televisheni inarusha historia ya kipindi cha Bi Marashi, na Lindi imo, nikaweka sharti mbele ya watu wote. Tutazame pamoja. Ikionekana nilivyosema, ngoma inatangulia, spika zinafuata. Isipoonekana, nitakaa mkekani harusi nzima na sitafungua mdomo.

Ngwale akasema hilo la kutofungua mdomo peke yake linatosha kumleta.

Alasiri tukajaa sebuleni kwa mwanangu. Wakwe wa Mingoyo, watu wa bwana harusi, walikuwepo. Somoe alikaa nyuma mlangoni, anabangua korosho kama mtu asiyehusika. Wakaonyesha fidla tatu, wakaonyesha njiwa na kofia, watu wakacheka. Halafu Lindi. Mvua. Lori letu. Nilipojiona nina nywele nyeusi nusura nisimame.

Bwana mkubwa anaonekana, vidude masikioni, anasema moto hakuna. Mbele yake nipo mimi, nimevua kofia, nimeishika kifuani kwa mikono miwili.

Nasema, "Ndiyo, bwana. Hewala, bwana."



Kisha kamera ikageuka kuufuata moshi. Nje ya ukumbi, chini ya kibaraza, kuna mwanamke amepiga magoti anapuliza nyasi kavu. Ni Somoe. Ngoma tatu amezipanga mwenyewe kuuzunguka moto. Na anayekuja mbio na ndoo ya maji, akitaka kuuzima, ni mimi.

Wallahi nilikuwa nimesahau ile ndoo. Hapana, niwe mkweli, maana hapa ni kwenye shajara. Sikusahau. Niliisimulia hadithi bila ndoo mara moja, ikapendeza, na mara ya pili ndoo haikuwepo tena.

Somoe wa kwenye televisheni akanielekezea kijiti chenye moto. Sauti yake ilisikika sawasawa: "Rudisha maji kisimani, mume wangu. Ngoma ikilala, mchezaji ataamkaje?"

Bi Marashi akatoka na gauni lake la dhahabu, akacheka mpaka akajishika mbavu. Akachutama pale motoni, akaitia mkono ngozi, akaamuru kamera zote zitoke nje. Fidla wakaziacha ndani. Aliimba hapo kibarazani, Somoe anacheza, mimi napiga, na ngoma zimeiva.

Na hapo naomba mtu asinikatize. Ile mikono ilikuwa mikono. Bi Marashi aligeuka mara mbili kunitazama, na wakwe wameona. Mzee wa Mingoyo mwenyewe alianza kupiga goti kwa kiganja bila kujijua. Msimulizi akasema kuanzia siku ile Bi Marashi hakukubali tena ngoma ya mkoani ichezewe ndani ya ukumbi. Kila mji, nje, na moto wake.

Ilipokwisha, Ngwale alikuwa analia kwa kicheko. Akaukunjua mkeka mbele yangu taratibu, akaupangusa vumbi.

"Karibu, mtani. Na ndoo nikuletee?"

  Nikasema tu mbele ya watu kwamba moto aliukoka mke wangu, na miaka yote hii nimekuwa nikiuvaa kama kanzu ya kuazima. Nikakaa mkekani. Sharti ni sharti.

Zuhura hakucheka. Akasema, "Babu umeshindwa, ngoma huna. Ngoma ni ya bibi." Kisha akamgeukia Somoe. "Bibi, nataka ngoma zako zitangulie. Utamchukua nani azipige?"

Somoe akabangua korosho moja. Akabangua ya pili. Nilimtazama kama mtoto anayengoja kuitwa kula.

"Yuko mzee mmoja namfahamu," akasema. "Mwoga, lakini mikono anayo."

Nyumba nzima ikaangua vicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mimi, huku machozi yananitoka. Mzee wa Mingoyo akasema spika zitasubiri. Ngwale ameomba aje kuchochea moto, Somoe amemkatalia.

Tumerudi nyumbani sote wawili. Nilimuuliza kwa nini siku zote zile nikijisifu mbele ya watu hakunisahihisha hata mara moja. Akasema hadithi ilikuwa tamu, na mimi nikiisimulia nilikuwa nakaa wima.

Sasa yeye amelala, na mimi nimeshika simu. Nimekaa naye umri wote huu, nimesimulia mengi zaidi ya hili moja, naye kila mara alikuwepo, amenyamaza, anabangua korosho.

Mangapi mengine anayajua?