Ruhusa ya Kuiacha Fimbo Yako Nyumbani

Rosettenville, Johannesburg
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Mwadini,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya neno jingine lolote. Natumaini barua hii imekukuta umekaa penye hewa, goti limetulia, na sikio la kushoto bado linaipata adhana. Mkaza mjomba naye hajambo? Binti yenu Ummi aliniambia alishikwa na mafua makali na akakataa kabisa kulala mchana. Mpe pole yangu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kulegea, ila asubuhi bado tunatoa moshi mdomoni, na Baba hajavua koti lake la sufi tangu Juni.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huishia kupigiana kelele, na jambo hili sitaki kulipigia kelele. Kurasa nitazipiga picha nimtumie Ummi, azichapishe kwenye karatasi akuletee kesho. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mjomba, naomba ruhusa yako Jumamosi hii niiache nyumbani fimbo yako, ile ya kuvulia uliyonipa.

Nimekaa muda mrefu mbele ya sentensi hiyo. Sasa nikueleze.

Jumamosi ni siku ya mchujo. Klabu yetu inatafuta msichana wa mwisho wa kuingia timu ya vijana ya kuvua besi, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana ambaye nilikutumia picha yake ukasema anafanana na chewa aliyekonda. Mwakani nitakuwa nimepita umri. Hakuna mara nyingine. Ariane, rafiki yangu Mrundi aliyenifundisha kurusha chambo pale kwenye bwawa la Wemmer Pan, yeye alishachaguliwa, na nafasi iliyobaki naigombea na msichana mmoja wa Turffontein ambaye baba yake alimshikisha fimbo kabla hajaanza shule.

Sijui kama nimewahi kukwambia kwa nini naitaka hivi. Siku nzima niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nawaeleza watu wanywe nini na wasinywe nini, na kichwani mwangu hapanyamazi. Nikirudi nyumbani hapanyamazi. Pananyamaza nikiwa kwenye maji, chambo kinarudi kwangu taratibu huko chini nisikokuona, na mwili wangu wote umehamia kwenye kiganja. Sijapata mahali pengine pa namna hiyo, na nimetafuta.

Tatizo ni sharti la mchujo. Kila mmoja anakuja na fimbo moja tu, na chambo tunapewa palepale bwawani. Kuna aina tatu, na zote ni za kutembeza. Hakuna kutupa ukakaa ukangoja kama tulivyokaa mimi na wewe kule Raskazone. Unarusha, unavuta, na samaki anakishambulia chambo kikiwa mwendoni.

Cha kwanza kina visahani vidogo vya bati vinavyozunguka na kumetameta, na ndoano moja nene iliyofichwa kwenye nyuzi za mpira. Cha pili ni kisamaki cha plastiki chenye ulimi mdomoni. Ukikivuta kinazama na kutetemeka, na tumboni kinaning'iniza ndoano nyembamba tatu tatu, zimeshikana mgongo kwa mgongo. Cha tatu huenda juu ya maji, kulia kushoto kulia kushoto kama mlevi anayetafuta kwao, nacho kina ndoano nyembamba vilevile.

Kwa kile cha visahani fimbo yako ni mfalme, Mjomba. Ndoano nene inahitaji msukumo, na fimbo yako inasukuma. Lakini wakati huu wa mwaka maji bado ni ya baridi, na besi hakishiki kile kisamaki kwa hasira. Anakibana kwa ukingo wa mdomo, ndoano moja nyembamba inaingia kwenye ngozi tu. Hapo fimbo isiyopinda haimpi nafasi ya kugeuka. Inampasua mdomo na kunirudishia chambo kitupu.

Yalinitokea Jumamosi moja ya mwezi uliopita mazoezini, mbele ya watu wote. Nilimshika wa kwanza, akatoka. Wa pili nilimwona mgongo, mnene, wa kijani, akatoka. Wa tatu alipotoka, Bi Graça, mama wa Kireno anayesimamia mchujo, aliniita kutoka ukingoni, "Nusaiba! Unavua samaki au unang'oa jino?"

Walicheka hata wale wasionijua. Ariane akaja kuninong'oneza, "Eish, dada, si wewe. Hiyo si fimbo, ni nguzo ya umeme."

Nikamwambia asirudie neno hilo, kwa sababu nguzo hiyo ina jina langu. Akaiinua, akaiona: NUSAIBA, kama ulivyoliunguza kwa msumari wa moto kwenye mshikio, ile S imepinda kidogo. Akanirudishia kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi, hata kwenye robot, zile taa za barabarani, hakuwatania wauza maua kama kawaida yake.

Usidhani kwamba sikuitafutia njia. Niliirusha jioni zote pale Wemmer Pan. Nililegeza mshipi, nikabadilisha namna ya kushika, nikajizuia mkono usiruke samaki anapogusa. Hauzuiliki, Mjomba. Mkono huo ni wa kwenu. Chambo kikiguswa tu, bega linapanda lenyewe, kama lako, kama la Mama anapomkamata kuku. Kwa fimbo inayopinda, kosa hilo linamezwa. Kwa yako linafika kwa samaki zima zima.

Ariane aliniazima ya kwake ya pili, laini kabisa. Kwa kisamaki ilikuwa raha, lakini kwa chambo cha visahani ilijikunja kama tambi iliyoiva, na besi akaitema ndoano nene kabla haijaingia. Nikamrudishia. Ndipo nikaenda Newtown, kwenye meza za vitu vilivyotumika, nikapata moja ya kahawia, ya mtu nisiyemjua, mshikio wake umechakaa mahali ambapo kidole gumba changu hakikai. Nusu ya juu inakubali kupinda. Kuanzia katikati kushuka chini inasimama. Kwa visahani haifiki ilipo yako, na kwa kisamaki haifiki ilipo ile laini ya Ariane, lakini inavivumilia vyote vitatu. Nimeijaribu nikiwa nimetulia na nikiwa na hasira. Ndiyo hiyo.

Nilipoingia nayo ndani, Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuniuliza imetoka wapi.

"Ya kaka yangu ina nini?"

Nilimwambia hii nimeipata Newtown, nikaanza kumweleza habari za ndoano. Hakutaka ndoano.

"Mtu kaivua mkononi mwake, kaifunga kwa kanga ya bibi yako, imekuja kwa basi nchi baada ya nchi, mpakani wanaifungua wanadhani bunduki. Wewe unakwenda Newtown kuokota fimbo ya maiti?"

"Mama, hujui kama ni ya maiti."

"Nawe hujui kama si ya maiti. Sikiliza, Nusaiba. Ukiiacha fimbo ya kaka yangu, asubuhi hiyo usiniage."

Unamjua dada yako. Alirudi kwenye mchele wake. Baba alijifanya anatafuta miwani, na alikuwa ameivaa.

Siku zilizofuata tulisemeshana kwa vyombo. Kikombe kikiwekwa kwa kishindo, nilijua ni changu. Kisha juzi, sijui nini kilimgusa, alisimama kwenye ujia wa nyumba akasema, "Leteni mshipi niwaone." Mimi peke yangu ndiye niliyekuwapo. Akakaa kwenye kigoda mlango wa jikoni, akazungusha ncha ya mshipi kwenye kidole cha shahada kama unavyofanya wewe, akaniambia nisimame mlango wa mbele nimvue.

Nilianza na yako. Aligusa tu, bega langu likapanda, mshipi ukamchomoka na kumwachia mstari mwekundu kidoleni. Nikataka kwenda kumtazama, akanikataza. "Lete hiyo ya maiti." Akagusa tena. Bega likapanda tena. Safari hii mshipi haukumchomoka. Alivuta, fimbo ikamfuata. Alilegeza, ikabaki imemshika. Aligeuza mkono huku na huku, uso umemkaza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Ya Mwadini inanipora," alisema. "Hii inaning'ang'ania."

Nilidhani yameisha. Akajifungua mshipi taratibu, akasimama.

"Lakini mimi sitamkataa kaka yangu kwa mdomo wangu. Mwandikie mwenyewe. Akiridhia, utaniaga. Asiporidhia, usiniulize tena."

Ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu hapo nimekuwa nikikifikiria kile kidole chake, na chako. Nikiwa mtoto ulinikalisha kwenye mawe ya Raskazone ukanilazia mshipi juu ya kidole, na samaki alipogusa nikataka kuvuta. Ulinishika kifundo cha mkono. "Usimvute. Mwache aseme kwanza." Ukaachia mshipi upite kidogo kwenye ngozi yako, na kidogo tena, na ndipo ukapandisha bega. Nadhani ulinichagulia fimbo ngumu kwa sababu maishani mwako kulegeza kulikuwa kazi ya kidole, ukaona kilichopungua ni nguvu. Kwenye fimbo na rili, ile ya kukunjia mshipi, kidole hakipo, Mjomba. Fimbo yenyewe inapaswa kuwa kidole. Nimechagua ile iliyo karibu zaidi na mkono wako, hata kama jina langu halimo.

Yako imesimama kando ya kabati langu, imefungwa tena kwa kanga ya Bibi. Desemba nikijaliwa nitakuja nayo, tukaitie kwenye maji ya chumvi mbele ya kolekole anayestahili kuogopa.

Sasa nikwambie mahali nilipofika, usije ukadhani naomba kwa mdomo tu. Jumamosi siwezi kwenda na fimbo yako. Nimejaribu kujiona nayo mkononi, na kila mara namwona samaki akiondoka. Na siwezi kuvuka kizingiti hiki Mama akiwa amenyamaza. Nimekwisha kumwambia Ariane: akifika asubuhi asipige honi. Akinikuta nje, twende. Asiponikuta, aende, na fimbo zote mbili zitakuwa ndani pamoja nami. Sitakulaumu. Nitaumia, lakini sitakulaumu.

Nisalimie Mkaza mjomba, na Suhaib na mkewe, na jirani yenu Bi Léocadie kama amesharudi kutoka Bujumbura. Baba anakusalimu sana, amesema yeye katika hili hana kauli. Mama hakutuma salamu. Amesema unajua mwenyewe. Mwenyezi Mungu akutunzie goti na macho, akuzidishie usingizi mwema, na atukutanishe tukiwa na amani mioyoni.

Mimi mwanao wa kwa dada, nikupendaye hata katika hili,
Nusaiba

Ummi, haya ni yako. Akimaliza kusoma akanyamaza, usimharakishe wala usimsemee. Mwache aseme kwanza. Kisha mpigie Mama, usinipigie mimi.