Kata Moja ya Kisima cha Marehemu

Wewe uliyeniletea barua hii, mtaa mzima unakunywa uchafu, nawe unatafuta karatasi na wino! Mdomo huna? Kutoka chumbani kwako mpaka kitandani kwa mamako ni ukumbi tu, lakini umeona ni karibu zaidi kuja kwangu Kinondoni kwa stempu. Haya. Barua nimeipata, majina nimeyabadili, na ninaitoa nzima hapa gazetini ili wasomaji wajue ninakugombeza nini.

"Mpendwa mshauri, Bi Mwantumu, shikamoo, naomba msaada wako kwa maana jambo lililonifika sina wa kumwambia, mke wangu siwezi, mama ndiyo kabisa, na shehe nikimwendea naogopa atanijibu kwa kitabu na mie nataka kujibiwa kwa huruma.

Mie mwenyeji wa Temeke, jina langu Mwinjuma, marehemu baba yangu Mzee Mwinshehe alichimba kisima hapa wakati huku kote ni mikorosho na nyumba zenyewe za kuhesabu kwa vidole, akakitoa sadaka, mtu yeyote achote asiulizwe kitu, na kabla hajafa alimshika mama mkono akamwambia, Hamisa, kisima changu kisije kikakosa watu, kila ndoo itakayotoka humo itanifika nilipo, basi mama akakishika kisima kile kama mtoto wake wa mwisho, anafagia pembeni kila asubuhi, kamba ikichakaa ananunua mpya mwenyewe.

Serikali ilipotuletea bomba pale kona ya sokoni sie tulifurahi, lakini mama na wenziwe wakasema maji yananuka dawa, wengine wakasema ni dawa ya kufunga uzazi, mie nikamwomba mama maji ya kunywa yawe ya bomba na ya kufulia yawe ya kisima, akakubali shingo upande, ila kila mtungi ukijazwa huja na kata yake ya kifuu, huchota maji ya kisima cha baba, husema bismillahi, humimina kata moja juu, eti kuua harufu na ili marehemu asikose fungu lake nyumbani mwake, na sie tulikuwa tukicheka, mke wangu Mwanaasha akimtania, 'Mama, leo baba mkwe umemtia kata ngapi?' naye anamjibu, 'Moja tu, na ukizidisha domo nakutia mbili.'

Masika iliyopita mwanetu Tunu, wa miaka sita, akashikwa na homa, tukadhani malaria tukampa kwinini, homa haikushuka, tumbo likamjaa, tulipomfikisha dispensari wakasema ni homa ya matumbo na tumechelewa, akafariki mikononi mwa bibi yake, na siku ya matanga mama alisimama mbele ya wanawake akasema, 'Bomba limeniulia mjukuu wangu, nyie wenyewe mmeona, rudini kisimani kwa marehemu,' nao wakarudi wote, pale bombani pakawa hapana hata ndoo moja ya foleni.

Baadaye akaja bwana afya, kijana wa Bukoba anaitwa Audax, akachukua chupa ya maji ya bomba na chupa ya kisima na chupa ya mtungi wetu, aliporudi akanivuta nyuma ya nyumba akasema, 'Pole kaka. Bomba ni safi. Kisima kimeingiwa na choo, na mtungi wenu umeingiwa na kisima.' Akasema italetwa barua ya Serikali kisima kifungwe, nikamwomba anipe nafasi niseme na mama kwanza, akanipa, nayo inakwisha na sijafungua kinywa, maana nitaanzaje, nimwambie mama ni mkono wake, nimwambie sadaka ya baba imekuwa choo? Atakufa. Na nikinyamaza watoto wa mtaa wanaendelea kunywa.

Mama mwenyewe baada ya msiba amebadilika, kata ameichomeka juu darini haishuki, huyu mdogo aliyetubakia, Sadallah, maji yake anayachemsha yeye na hataki mtu ayaguse, alfajiri anatoka na debe kwa mlango wa uani ambako si njia ya kisimani, na wanawake wakimwuliza habari za bomba anaingia zake ndani, sie tunasema ni uzee na majonzi, ndiyo maana nazidi kuogopa kumwongezea mzigo. Nifanye nini, bibi yangu?

Mie mwenye kuungua moyo, Temeke."

Mwanangu, pole. Mtoto wa miaka sita keshajua kukutania na kukuiga unavyokohoa, akiondoka nyumba haijui ifanye nini. Pole wewe, pole mamake, pole bibi yake. Nimemaliza pole, sasa nisikilize.

Isome barua yako mwenyewe. Isome polepole kama ninavyosoma mie niliyeishia chuo cha Kurani. Kata iko darini. Nani kaiweka? Maji ya mtoto yanachemshwa. Nani kamfundisha? Alfajiri anatoka na debe kwa mlango wa uani, na mlango wenu wa uani unaelekea wapi, Mwinjuma, kama si kona ya sokoni? Na kona ya sokoni kuna nini? Mwanamume mzima na masharubu yako, unasema ni uzee!

Mamako anajua. Tangu lini, sijui. Pengine tangu siku alipokuona unatoka nyuma ya nyumba na bwana afya, uso umekushuka. Unamficha neno ambalo yeye naye anakuficha wewe. Mmekaa nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenziwe, na huko nje kamba ya kisima inapanda na kushuka.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Bibi wa watu anakwenda gizani kuteka maji aliyoyatukana mchana, anawakwepa wanawake aliowarudisha kisimani mwenyewe, na hana hata mmoja wa kumwambia, "Hebu nikutue." Wewe uko chumba cha pili, unatafuta stempu.

Na habari ya baba yako, nani kakwambia sadaka yake ni choo? Alichimba maji safi, akayatoa safi. Uchafu tumeutia sie tuliokuja nyuma yake, tukajenga ukuta kwa ukuta, kila ua na shimo lake, hakuna aliyejiuliza chini kule kunakwenda nini. Mzee thawabu zake zilishaandikwa. Kinachotoka humo leo ni chetu, tusimsingizie maiti.

Nyie kina mama mnaosomewa barua hii, msijifanye haiwahusu. Maji ya bomba yananuka dawa, kweli yananuka, nani kasema hayanuki? Yalaze usiku kucha kwenye mtungi uliofunikwa, asubuhi harufu imepungua. Msitie kitu. Wala kata iliyolala chini, wala mkono, wala debe lililokuja na mafuta ya taa mkalisuuza mara moja mkaona limetakata. Maji ya mtoto yachemsheni. Na hiyo dawa ya kufunga uzazi, mtaani kwangu tangu bomba lije kila nyumba ina mimba, sasa aliyefungwa ni nani? Bomba tumelibebesha dhambi ya mitungi yetu, na mtoto wa watu amelala udongoni.

Mwinjuma, usije ukamwambia mamako, "Umeua." Si kweli, na ukilitoa halirudi. Alimpa yule mtoto kitu alichokipenda kuliko vyote alivyonavyo. Sema, "Mama, kisima cha baba kimeharibika, twende tukakifunike wote." Akilia mwache alie. Mkeo naye awepo, yeye ndiye aliyembeba Tunu tumboni, na nyie wawili mmemweka nje kama mpangaji. Huenda akasema maneno mazito. Ayaseme. Msimnyamazishe, na mamako asiondoke mpaka amalize.

Wanawake wa mtaa walirudi kisimani kwa kinywa cha mamako, watarudi bombani kwa kinywa hicho hicho. Usimsemee wewe. Wala usiisubiri barua ya Serikali ije kumsemea, maana ikitangulia barua yeye atabaki mwongo, na akitangulia yeye, watoto wa wenzie watapona kwa neno lake. Halafu tafuteni mtungi mpya wenye kifuniko, muuweke barazani, maji ya bomba yaliyochemshwa, mpita njia anywe kwa jina la Mzee Mwinshehe. Hayo yatamfika alipo.

Ningeweza kukujibu pembeni. Nimeitoa gazetini makusudi. Gazeti hili husomwa kwa sauti kwenye kahawa, na hata nikibadili majina mia, kisima cha sadaka chenye mjane anayekifagia, kwenu kitakuwa kimoja tu. Wahi wewe, mamako asije akayasikia haya kwa wanywa kahawa.

Basi likunje gazeti. Nenda kisimani sasa hivi, ifungue ile kamba aliyoinunua, ndoo iingize ndani. Kisha kaketi chini, miguuni pa mamako. Yale niliyokufundisha yaweke kwanza, usianze wewe kusema. Mwekee kamba mapajani, umngoje.