Picha za Kampala, Kodi ya Kisii

Shuleni, Kisii
11 Februari 1968

Kwako kaka Mogire,

Pokea salamu za nyumbani kote, hata za bibi ambaye husahau majina yetu lakini lako halisahau. Mimi ni mzima, ingawa malaria ilinishika mwanzo wa muhula. Kifua chako je? Mvua imeanza huko?

Kaka, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Likizo yote iliyopita nilikuwa naingia katika esaiga yako kusoma. Najua nyumba ya kijana wa kiume si mahali pa msichana, na mama akijua atanichapa kwa mwiko. Lakini jikoni kuna moshi na watoto, na kwako kuna kimya. Nilikuwa nafagia, nasoma, natoka. Ndiyo maana nilimsikia naibu chifu Ombui siku aliyokuja na askari kanga wawili wa chifu. Alikuwa anagonga ukuta kwa fimbo, nami niko ndani, nimeziba mdomo.

"Onchiri! Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Mogire, mwanangu," baba akasema.

"Analipa kodi wapi?"

"Yuko Kampala. Anakuza picha na kuzipaka rangi."

"Picha za nani? Za Waganda? Abner wa Nyaramba ametuma ya marehemu mkewe. Mwalimu wa Tabaka ametuma ya harusi. Kazi inatoka hapa, shilingi zinatoka hapa, nyumba iko hapa. Kodi peke yake ndiyo imepanda basi ikaenda Uganda?"

Askari walicheka sana. Baba hakucheka. Ombui anataka kodi ya miaka miwili kabla ya mwisho wa Aprili, la sivyo atamchukua mtamba wetu. Tafadhali nijibu upesi, kaka, baba hasemi lakini halali vizuri.

Ni mimi dada yako mdogo,
Gesare

*

Katwe, Kampala
3 Machi 1968

Dada yangu mpendwa Gesare,

Nimefurahi kusikia mko hai. Mimi sijambo, kifua kimetulia tangu nihamie chumba chenye dirisha. Esaiga isomee tu, ila usiwaambie wavulana wa kijiji, watasema nimefungua shule.

Sasa hili la Ombui. Kodi nalipa. Mwaka jana walinikamata hapa asubuhi nikienda kununua mkate, wakaniketisha chini pamoja na wengine hadi jioni kwa sababu sikuwa na tiketi ya kodi. Tangu siku hiyo tiketi inalala mfukoni mwangu. Chifu wa huku hajali picha ni ya mke wa nani. Anasema, unalala hapa, unalipa hapa. Ombui anasema fedha zimetoka kwake, lipa kwake. Kama ningekuwa karani, tajiri angenikata kodi kwenye mshahara mara moja yakaisha. Lakini mtu anayejifanyia kazi mwenyewe ni mti wa matunda kando ya njia, kila apitaye anautikisa. Nikilipa pande zote mbili nitakula nini? Nitakula rangi?

Wewe una Kiswahili kizuri kuliko sisi sote. Mwandikie Ombui barua ya heshima kwa jina langu. Sema kwamba Mogire mwana wa Onchiri ni mkazi wa Kampala, na hana makao Kisii. Kuna mwenzangu hapa, fundi saa kutoka Maragoli, aliandika hivyo kwao na jina lake likafutwa. Ni maneno ya karatasi tu, usiogope. Mimi na baba tunajua kwetu ni wapi.

Wako kaka,
Mogire

*

Nyumbani
21 Aprili 1968

Kwa kaka yangu Mogire,

Nakusalimu. Kwa afya hatujambo.

Barua niliiandika. Niliirudia mara nyingi mpaka ikawa nzuri, na nakiri niliionea fahari. Niliandika, "Sina makao wala maskani katika Wilaya ya Kisii." Hilo neno maskani nililiongeza mimi, wewe hukulitaja. Nilimpa baba aipeleke, na kwa kuwa hasomi sana aliniuliza inasema nini. Nikamwambia inasema kodi unailipa Kampala.

Ombui hakuisomea ofisini. Aliisoma kwenye baraza, mbele ya watu wote, akaitafsiri kwa Ekegusii neno kwa neno. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama.

Nyamongo, jirani yetu, akapiga makofi. "Onchiri, pole! Umezaa Mganda!"

Mwingine akasema, "Basi mahari ya huyo itapelekwa kwa Kabaka."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baba alisimama na kofia yake mkononi. Ombui akamwambia, "Mzee wangu, mimi sina ugomvi. Mtu asiye na nyumba hapa sina kodi naye. Lakini nyumba nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo nyumba ndiyo inasema uongo, au ni mwanao. Chagua. Nitapita Ijumaa."

Njiani nilimwambia baba kwamba ni maneno ya karatasi. Akaniuliza, "Ni yeye aliyesema hana kwao, au ni wewe?" Nikasema ni wewe, kaka. Sikusema chochote kuhusu maskani.

Mama anataka baba auze mtamba alipe yaishe. Baba anasema angeuza hata ng'ombe wawili kwa ajili ya mwana, lakini hatauza kwato kwa ajili ya mkazi wa Kampala. Tuma tiketi yako na barua ya mkono wako mwenyewe kwa baba, si kwa Ombui. Mwambie kwamba hapa ni kwenu. Leo ni Jumapili. Mpe mtu wa basi, usingoje posta.

Mdogo wako,
Gesare

*

Kampala
9 Mei 1968

Mpendwa Gesare,

Natumaini hamjambo. Nilikuwa Jinja kwa wiki tatu nikipaka picha za Mhindi mmoja, nimekuta barua yako chini ya mlango leo. Pole kwa wasiwasi. Mwambie baba asiwasikilize watu wa baraza, wao hucheka hata kwenye matanga. Ndani ya bahasha kuna tiketi yangu ya kodi, na hawala ya posta ya kumtuliza Ombui kwa mwaka mmoja. Agosti nitakuja mwenyewe, tutakula kuku, tutacheka.

Mwambie Abner picha ya mkewe iko karibu kwisha. Nimempa leso ya buluu.

Kaka yako,
Mogire

*

Shuleni, Kisii
26 Mei 1968

Kaka Mogire,

Salamu. Sisi wazima.

Ijumaa ile baba aliamka, akaomba kwa muda mrefu, kisha akachukua panga na shoka akaenda kwenye esaiga yako. Aliwaita majirani wamsaidie. Hakuna aliyekuja, hata Nyamongo aliyecheka zaidi ya wote. Unajua mwenyewe kwamba nyumba ya mwana aliye hai haivunjwi. Huvunjwa ya aliyekufa, au ya aliyelaaniwa. Kwa hiyo baba alifanya kazi peke yake. Alianza na nyasi, akaja kwenye fito, akamaliza kwa kung'oa mafiga na kuyatupa nje ya boma.

Mama alikaa chini akalia kama wanavyolia kwenye msiba. "Onchiri, unamzika mtoto bila maiti!"

Baba akajibu, "Mimi ni mzee wa kanisa. Kijiji kizima kimesikia barua. Nimeifanya iwe ya kweli."

Ombui alipita saa tisa, akatazama, na lile tabasamu lake likaisha. Akapiga mstari juu ya jina lako katika daftari la kodi. Hudaiwi tena kodi Kisii, kaka. Hata hawala yako alipopelekewa aliirudisha, akasema hawezi kupokea fedha za mtu ambaye hayumo daftarini.

Usingoje Agosti.

Gesare, dada yako

*

Kisii mjini
18 Agosti 1968

Dada Gesare,

Hujambo? Mimi nipo tu. Nakuandikia kutoka chumba cha kulala wageni karibu na stendi, basi linaondoka asubuhi. Mlinzi wa shule yenu alinikataza kuingia, leo si siku ya kutembelewa.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Baba alinipokea langoni kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni. Habari za Kampala?" Alinipa kile kiti chenye kitambaa. Akaniombea safari njema kabla sijala. Gesare, angenitukana ningepiga magoti. Lakini mtu anayekuheshimu hivyo unamwambia nini? Mama alinitengea ugali wa wimbi na kuku, akawa anageuka ukutani.

Nilisema nataka kujenga upya. Baba akasema, kwa upole kabisa, kwamba nyumba iliyovunjwa namna ile hairudishwi bila wazee na mbuzi, na wazee hawawezi kukaa kwa ajili ya mkazi wa mbali. Nililala kwa jirani Thadeus, kwenye ghala la mahindi.

Jana nilimpelekea Abner picha yake. Aliitazama mkewe sana, machozi yakamtoka, akanilipa. Kisha akasema ile ya marehemu mama yake, aliyokuwa ameniahidi niikuze, hatanipa tena. "Usinielewe vibaya, kijana. Picha ya marehemu haikai mikononi mwa mtu asiye na boma." Mwalimu wa Tabaka kanijibu vivyo hivyo kwa maneno mengine. Sasa sina cha kutozwa kodi upande wowote.

Soma kwa bidii.

Mogire

*

Nyumbani
15 Desemba 1968

Kwa kaka yangu mpendwa Mogire,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hii ni ya nne tangu Agosti, na sijui kama zile tatu zilifika. Mama anaumwa miguu. Mvua ni nzuri. Baba hajambo. Hajalitaja jina lako, lakini picha yako ya ubatizo bado iko ukutani, na juzi nilimkuta akiifuta vumbi kwa kiganja.

Nimemwambia baba kwamba neno maskani lilikuwa langu. Akasema, "Ni kitu kimoja." Basi.

Jana Nyamongo alikuja na mayai kwenye kikapu. Mwanawe Okemwa anashona viatu Mwanza, wateja wake wengi ni wa hapa, na Ombui ameanza kuuliza. Nyamongo alikaa, akasifu shule yangu, kisha akasema, "Binti yangu, niandikie ile barua nzuri ya ndugu yako. Ilifanya kazi! Mpaka leo hamdaiwi hata senti."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Na nyumba yake utaivunja lini?" nikauliza.

"Nyumba ya nini? Mimi naomba barua tu."

Baba alikuwa kizingitini akinoa jembe. Aliacha kunoa, lakini hakuinua kichwa.

Nilimwambia Nyamongo siandiki. Akaniita mtoto mwenye kiburi cha vitabu. Nikamrudishia kikapu, nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi nikafunga lango.

Gesare, dada yako