Neno la Leo Lilikuwa Kurudi

Alhamisi, masika, 1956. Kilolo.

Ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi. Mkono haujazoea kalamu, herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Zilale tu.

Shule sikuisogelea. Kuandika nimefundishwa na mjukuu wangu Atupele, kwa kidole, kwenye majivu. Sasa kila asubuhi kabla hajaenda shule ananipa neno moja, nami nalitungia hadithi fupi kabla maharage hayajaiva. Anasema nisipoandika kila siku mkono utasahau. Amenipa kuku. Amenipa chumvi. Amenipa mvua.

Katika zote anakufa mwanamume yule yule.

Sikupanga. Kuku alimdonoa macho. Mvua ilimzoa mpaka mtoni.

"Bibi, huyu ni baba?"

"Ni mtu wa hadithi."

"Mbona ana koti la baba?"

Mama yake, binti yangu, alikuja kutoka Mbeya juu ya lori la mahindi, taya limevimba, meno mawili hayapo. Tangu hapo anasonga ugali, mumewe hamtaji. Leo neno alilitoa yeye.

"Andika kurudi, mama."

Nikaelewa. Mumewe ametuma habari kwamba anakuja kumchukua. Asipokwenda, ng'ombe wa mahari warudishwe wote. Anataka kutuokolea ng'ombe kwa mgongo wake, mjinga wangu huyu.

Nikaandika. Safari hii mwanamume hakufa. Mke alirudi, akapigwa kwa kuni mpaka kichwa kikapasuka kama kibuyu, akazikwa nyuma ya zizi, na binti yake akarithi mwiko. Nikamsomea kwa sauti, nikikwama kila mstari.

"Mama, una roho mbaya."

"Ninayo. Kaa hapa."

Mchana mume akafika, ananuka pombe ya ulanzi. Mimi ni mama mkwe; kwetu hatutazamani usoni. Nikasimama nyuma ya mlango na mchi wa kinu. Nimemuua mara zote hizo, na leo sikuvuka kizingiti.

"Toka! Nimekutolea ng'ombe, wewe ni mali yangu!"

Binti yangu akauchukua mchi mikononi mwangu. Akatoka.

Nimeandika sana mifupa ikivunjika. Sikujua inalia kama muwa.

"Hiyo ya jino," alisema. Akapiga tena. "Na hiyo ya jino la pili."

Mume aliondoka akitambaa, mkono unaning'inia, anatukana ng'ombe na sisi pamoja. Aje awachukue. Tutalima kwa jembe, tutakula mboga bila maziwa, lakini binti yangu atakula kwa meno yaliyobaki.

Jioni Atupele aliikuta damu kizingitini. Nilimweleza yote, sikumficha mtoto. Hakulia. Alichukua maji, akasugua mpaka jiwe likawa jeupe, ndipo akanipa neno la kesho mapema.

"Baba," alisema. "Na Bibi, asife."

Maharage yangu yataungua kesho. Nitamwachaje hai mtu yule, na nimwandikie nini akishaishi?