Breki za Lori la Maji

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumai wewe na mama hamjambo, na kifua chako kimetulia. Mimi mzima, mikono tu ndiyo haitakati grisi.

Nina habari njema. Kaka Kipaza amehamishiwa kikosi chetu. Amekabidhiwa lori la maji, na karakana inayolihudumia ndiyo hii yangu. Anaimba kuishinda injini. Askari wenzake wanasema lori hilo halihitaji honi. Mwambie wifi asiwe na hofu, mumewe yuko karibu nami.

Binti yako


19 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Sisi tupo.

Kaka yako tumemzika Alhamisi. Ofisa aliyeleta jeneza alisimama mbele ya watu akasoma karatasi: lori limeacha njia mteremkoni kwa uzembe wa dereva. Uzembe, mbele ya mkewe. Mama yako ananiuliza mbona hukuja kumzika ndugu yako.

Udereva nilimfundisha mwenyewe. Maneno mengi alikuwa nayo, lakini akishika usukani alikuwa mwoga kuliko mimi. Wewe ndiye fundi wa lile lori. Niambie, lilikuwa na nini?

Baba yako


30 Oktoba

Baba, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Barua zako tatu nimezikalia, najua. Na msibani sikuja kwa sababu sikujua ningemtazama nani usoni.

Pampu ya upepo wa breki, ile inayozungushwa na injini, ilikuwa imechoka. Upepo ulijaa polepole, ukaisha upesi. Nikaandika kwenye fomu: lisitoke. Mkuu wa karakana akaniita.

"Kambi ya mbele haina maji tangu juzi. Safari moja tu, likirudi utalifungua."

Nikamwambia pampu haitahimili mteremko. Akanisogezea fomu mpya, ya kuliruhusu litoke, na kalamu. Nikatia sahihi, Baba.

Kaka akaja kuchukua ufunguo. Akaniuliza, "Fundi, liko sawa?" Nikamjibu, "Liko sawa, ila shuka taratibu." Akacheka, akapanda.

Hakuwa mzembe. Ipeleke barua hii makao makuu. Watanifunga, najua. Wewe ipeleke.

Binti yako


22 Novemba

Mwanangu, marahaba.

Barua yako niliisomea gerejini kwangu, mlango nimeufunga. Nikaenda nayo nyumbani, nikamsomea mama yako. Hakulia. Alisema, "Mmoja nimeshamfukia. Huyu wa pili usinipokonye kwa mkono wako." Akaichukua, akaitia motoni. Ningeweza kumzuia, sikumzuia.

Jana wifi yako alikuja. Mwanawe amerudi kutoka shuleni analia, wenzake wanamwambia baba yake alijiua kwa kutojua kuendesha. Akaniuliza, "Baba, wifi hajaandika lolote?" Nikamwambia hajaandika. Nikatazama chini mpaka alipoondoka.

Kama nimekusamehe, sijui. Nikiamka nadhani ndiyo, nikishika spana nadhani hapana. Lakini mtoto nimebakiwa na mmoja. Kaa kimya, mwanangu, tukae kimya sote.

Baba yako


9 Desemba

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole. Mwambie sikukusudia kumvunja moyo mara ya pili.

Leo asubuhi nimeiandika upya ile barua, nikampelekea mkuu wa kikosi mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Mkuu wa karakana ameitwa, amekana kila kitu, na sahihi iliyopo ni yangu peke yangu. Funguo za karakana wameshachukua. Askari yuko mlangoni, ananingoja nimalize kuandika. Ni mtu mwema, hanihimizi.

Miaka mingapi, sijui. Msije kwanza, mpaka niwaite.

Ila nenda kwa wifi leo hii, usingoje kesho. Kuna jambo sikuliandika ile mara ya kwanza, kalamu ilinishinda. Mimi ndiye niliyetumwa bondeni kulikagua lori. Mwambie lilikuwa kwenye gia ndogo kabisa. Mwambie breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Na mguu wa kaka, Baba, tuliukuta bado umekanyaga breki.

Binti yako